Difyuza chini ya Starlet: digrii ngapi, na nitajuaje kama inafanya kazi?

starlet_malindi

Salaam ndugu zangu. Nataka kutengeneza difyuza, yaani sakafu ya nyuma inayopanda kuelekea bampa. Naomba msaada wa wanaojua hewa ya chini ya gari, si wanaouza plastiki za kubandika kwenye bampa.

Gari ni Toyota Starlet EP82 iliyovuliwa viti vya nyuma, zulia na kila kisichohitajika. Inatumika kwa mbio za lami tu, gari moja moja dhidi ya saa. Kona zake za kasi ni kati ya 90 na 130 km/h. Karakana iko hapa Malindi, mbio zenyewe ni bara, upande wa Athi River.

Vipimo: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma mm 2300. Chini ya sakafu hadi lami, mbele mm 90, nyuma mm 100. Nyuma ya ekseli hadi mwisho wa bampa napata urefu wa mm 650 wa kutengenezea difyuza. Upana kati ya tairi za nyuma, ukiacha nafasi ya springi, ni mm 980. Karai la spea nimelikata na kuziba kwa bati bapa. Sailensa bado iko nyuma, na tanki la mafuta liko mbele ya ekseli ya nyuma kama kawaida. Katikati ya gari hakuna sakafu yoyote niliyoongeza.

Nimefikiria alumini ya mm 1.5, pembe ya digrii 15, na mapezi sita ya kusimama. Je, digrii 15 ni nyingi? Mapezi sita yana maana? Na bila handaki la upepo, nitapimaje?

HewaNaLami

Wa alaikum salaam. Umeanza nyumba kwa paa, lakini vipimo umevileta, kwa hiyo tunaweza kuzungumza.

Difyuza yenyewe haivuti gari chini. Kazi yake ni kuipunguza mwendo, taratibu, hewa iliyokimbizwa chini ya sakafu, mpaka presha yake ikaribiane na ya nje. Mdomo wa nyuma, yaani pale hewa inapotokea, unafuata presha iliyoko nyuma ya gari, huwezi kuubadilisha sana. Kwa hiyo hewa ikipoteza mwendo kuelekea mdomoni, kooni, yaani pale difyuza inapoanza kupanda, lazima iwe ilikuwa inakwenda kasi zaidi, na penye kasi presha hushuka. Mvuto mkubwa kuliko wote utaupata kooni na kwenye sakafu iliyo mbele ya koo. Gari lisilo na sakafu bapa katikati halina pa kutumia mvuto huo. Hewa inagonga mabomba, boriti, tanki na mikono ya springi, inafika kooni imeshachoka.

Sasa pembe. Tuchukue koo lako mm 100 na urefu mm 650. Digrii 7 inainua mdomo mm 80, mdomo unakuwa mara 1.8 ya koo. Digrii 9 inainua mm 103, mara 2.03. Digrii 12 ni mm 138, mara 2.38. Digrii 15 ni mm 174, mara 2.74. Kwenye karatasi, sehemu ya nguvu ya mwendo inayorudi kuwa presha ni 1 ukitoa 1 iliyogawanywa kwa mraba wa uwiano huo. Digrii 7 inakupa 0.69, digrii 9 inakupa 0.76, digrii 12 inakupa 0.82, digrii 15 inakupa 0.87. Tazama vizuri hesabu hiyo: kutoka 9 kwenda 15 unaongeza 0.11 tu, tena kwa hewa ya ndotoni isiyo na msuguano. Hewa ya kweli ikilazimishwa kupanda ghafla hubanduka kwenye ukuta, na ikibanduka unapoteza karibu kila kitu, si ile 0.11 peke yake.

Kwa nini inabanduka? Kwa sababu hewa iliyogusana na sakafu imepungua mwendo. Kwa 120 km/h, ukitembea mita mbili na nusu chini ya gari, tabaka hilo la hewa ya polepole linafikia unene wa kama sm 4. Koo lako ni sm 10. Maana yake karibu nusu ya juu ya koo tayari ni hewa dhaifu isiyo na nguvu ya kupanda kilima cha presha. Magari ya mbio makubwa yanafika digrii 14 hadi 17 kwa sababu sakafu zao ni safi, pembeni wana visulisuli vikali vinavyoishika hewa isibanduke, na juu ya mdomo kuna bawa linalonyonya. Wewe huna hata kimoja. Anza na 9. Ukishaona hewa imeshika, nenda 10, halafu 11, digrii moja kwa moja. Tengeneza bawaba kooni na vyuma vya kurekebisha urefu nyuma, usikate bati moja kwa moja kwa pembe moja.

Jambo ambalo watu hulidharau ni mkunjo wa koo. Bati likikunjwa kwa kona kali, hewa inaruka mkunjo na kubanduka hapo hapo hata kwa digrii 7. Weka duara lenye nusu-kipenyo cha mm 200 hadi 300. Kwa jicho linaonekana kama mkunjo wa uvivu, na ndivyo linavyotakiwa.

Kwa mizani ya matarajio: hewa ya Malindi yenye joto la digrii 30 ina uzito wa kama kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Kwa 120 km/h, presha ya mwendo, ile inayoletwa na kasi ya gari, ni paskali 647. Ukiwa na sakafu ya mita 1.3 kwa 2.2 na wastani wa mvuto wa sehemu 0.2 ya presha hiyo, unapata niutoni 370, yaani kama kilo 38. Kwa 60 km/h ni robo yake, kilo 9 na ushee. Ukipanda Athi River, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na nguvu inayolikandamiza gari chini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Ukilirekebisha gari hapa pwani kisha likaonekana legelege kule juu, kabla ya kulaumu springi kumbuka hilo.

Spana13

Naongezea ya spana tu.

Sailensa iondoke. Usiifunike. Ikikaa ndani ya difyuza inaharibu umbo, ikikaa juu ya difyuza inapika bati na tanki. Toa ekzosi ubavuni, mbele ya tairi ya nyuma, na upande wa sakafu weka ngao ya alumini yenye nafasi ya mm 50 kati yake na bomba. Zile mbao za mabango zenye alumini pande mbili na plastiki katikati ni nzuri kwa sakafu, nyepesi na bapa, lakini plastiki ile inayeyuka na kushika moto. Karibu na ekzosi hapana.

Acha tundu la kumwagia oili na jingine chini ya tanki, la sivyo petroli ikivuja itakaa juu ya sakafu yako kama sinia. Na hewa ya rejeta uitafutie njia ya kutokea juu, kwenye boneti. Ukifunga chini ya injini na hewa moto ikakosa pa kutoka, utarudi hapa kuuliza kwa nini injini inachemka.

Mapezi sita kwa upana wa mm 980 ni mapambo.

starlet_malindi

Shukrani nyote. Spana13, ngapi basi? Na HewaNaLami, nikiweka sakafu kutoka mbele, pembeni nifanyeje? Mlango hadi mlango kuna nafasi ya hewa kuingia.

HewaNaLami

Pembeni ndiko wengi wanakopotezea kila kitu. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliotoboka, unavuta na mdomoni hakifiki kitu. Weka sketi za mpira mgumu au plastiki ya polithini kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, zishuke hadi mm 25 au 30 juu ya lami gari likiwa limesimama. Zishikilie kwa bolti zenye mashimo marefu ili zikigonga zipande badala ya kung'oka. Kabla ya kununua chochote, soma kanuni za daraja lako, kwa sababu sketi zina historia mbaya na vyama vya mbio. Lotus 79 ya mwaka 1978 ilishinda ubingwa wa Formula 1 ikisaidiwa na sketi zilizofunga mapengo ya pembeni. Mwaka 1983 sakafu bapa ikawa sheria. Kila mwenye kuandika kanuni anajua nguvu iko wapi.

Mapezi: mawili ya ndani na kuta mbili za nje, basi. Kuta za nje ndizo muhimu. Tairi inapokanyaga lami inasukuma hewa pembeni kama mtu anayekanyaga dimbwi, na hewa hiyo chafu ikiingia kwenye difyuza inaua sehemu ya upana kila upande. Ukuta wa nje uanze mbele kidogo ya tairi, upite ndani yake kwa nafasi ya mm 25, na ushuke hadi mm 20 au 30 juu ya lami. Pima nafasi hiyo tairi ikiwa imepanda juu kabisa kwenye mwendo wa springi, si gari likiwa kwenye jeki. Mapezi ya ndani yaelekee inakokwenda hewa, ambayo karibu na kuta hukata kidogo kuelekea katikati. Pezi lililokaa upande kwa digrii tano tu linatengeneza uchafu wake lenyewe.

Ukimaliza, weka kipande kidogo cha kusimama cha mm 10 kwenye ukingo wa mwisho wa bampa, juu ya difyuza. Na bawa la nyuma, kama unalo, lishushe na kulirudisha nyuma ili hewa ya presha ndogo iliyo chini yake iwe karibu na mdomo wa difyuza. Hivyo viwili vikifanya kazi pamoja unaweza kuvumilia digrii mbili zaidi.

FaibaShela

Huku Lamu gari letu ni punda, kwa hiyo mbio sizijui. Lakini anachosema HewaNaLami kuhusu hewa kubanduka kila fundi wa mashua anakijua kwa maji. Tezi ikinyanyuliwa taratibu, maji yanaifuata mashua na kuiachia kwa upole. Ikikatwa ghafla, maji yanazunguka nyuma yake na kuivuta, na nahodha anaona povu linamfuata kama deni.

Naandika kuhusu vifaa. Alumini ya mm 1.5 kwa umbo lenye mkunjo wa duara inakubali upande mmoja tu. Ukitaka kona za kuta ziwe na mviringo pia, faiba ni rahisi zaidi, na vifaa vyake vinapatikana kote pwani kwa sababu ya boti.

Tengeneza kalibu kwa plaiwudi ya mm 6 iliyokunjwa juu ya mbavu za mbao. Ziba, piga msasa hadi namba 400, paka nta mara tano na kila mara ufute ing'ae. Tumia mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Tabaka moja linakupa unene wa kama mm 1, kwa hiyo weka matatu. Pamoja na kuta, eneo lako litakuwa kama mita za mraba 0.9, mkeka kilo 1.2, na resini ya polista mara mbili na nusu ya uzito huo, yaani kilo 3. Usichanganye yote pamoja. Changanya nusu kilo nusu kilo.

Hadina, ile dawa ya kuigandisha resini, hapa ndipo wageni wanapoharibu. Kwenye maelekezo wanaandika asilimia 2. Kwa joto letu weka asilimia 1, gramu 5 kwa nusu kilo, na ufanye kazi alfajiri kabla jua halijapanda. Ukiweka 2 saa sita mchana, ndoo itaanza kutoa moshi kabla hujafika tabaka la pili. Tena, kama resini yako haijatiwa kiharakishi cha kobalti na umekinunua kando, kitie kwenye resini kwanza, ukoroge mpaka kichanganyike kabisa, ndipo utie hadina. Hadina na kobalti vikikutana vyenyewe vinalipuka. Vaa miwani, maana tone la hadina jichoni si la kuosha na kusahau. Siku ya unyevu mkali au mvua ya mwaka, ahirisha. Uso utabaki unanata.

Kwa ugumu, pasua bomba la PVC la inchi moja katikati, lilaze mgongo juu upande wa juu wa difyuza, usiopitiwa na hewa, na ulifunike kwa tabaka mbili. Mbavu tatu za namna hiyo kutoka kushoto hadi kulia zinatosha. Bila mbavu, faiba ya mm 3 yenye upana wa karibu mita itapumua kama ngozi ya ngoma.

Polista ya kawaida inalainika kwa joto, kwa hiyo nakubaliana na Spana13 kuhusu ekzosi. Na bolti tumia chuma cha pua cha baharini. Ila zikigusana na alumini kwenye hewa hii ya chumvi, alumini inaliwa. Weka washa za nailoni na grisi katikati.

Spana13

Kuhusu kufunga: watu wanafikiri upepo utaisukuma difyuza juu. Unaivuta chini. Kwa 160 km/h, presha ya mwendo ni kama paskali 1150, na pale kooni mvuto unaweza kufikia kiasi hicho chote. Kwa eneo la mita za mraba 0.7 hiyo ni zaidi ya kilo 80. Tumia M6 kila mm 150 kwenye ukingo wa mbele, na nguzo mbili za chuma kutoka chesisi hadi katikati ya mdomo. Jaribio: gari likiwa juu ya stendi, si jeki, ning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 chini ya koo kwa kamba na mbao. Ikishuka zaidi ya mm 5, ongeza nguzo.

starlet_malindi

FaibaShela, ahsante sana, kalibu naanza wiki hii. Sasa upimaji. Nilikuwa nafikiria kutoboa matundu kwenye sakafu, mirija ya plastiki hadi ndani ya gari, na bomba la umbo la U lenye maji ya rangi. Upande wa pili wa U nauunganisha na chupa ya soda iliyofungwa ili iwe presha ya kulinganisha. Ni sawa?

MrijaWaMaji

Wazo la U ni sahihi, na ni bora kuliko vifaa vingi vya bei. Chupa ya soda ndiyo itakudanganya.

Hewa iliyofungwa ikipata joto la digrii moja tu, presha yake inapanda kwa kama paskali 337. Hiyo ni mm 34 za maji. Kwa 100 km/h presha yote ya mwendo wa gari lako ni paskali 450 hivi, mm 46 za maji. Kwa hiyo chupa ikikaa kwenye jua la Malindi dakika mbili, inakuletea usomaji mkubwa kuliko difyuza yenyewe. Weka chupa ndani ya thamosi iliyojazwa pamba, iache wazi mpaka sekunde chache kabla ya kukimbia, ibane kwa kibano, soma, kisha ifungue. Kila mkimbio usizidi nusu dakika. Njia nyingine, kama unalinganisha maumbo tu na hutaki namba kamili, ni kuuacha upande wa pili wazi ndani ya gari. Madirisha na matundu ya feni yafungwe vilevile kila mara.

U isimame wima, mikono yake miwili ikiwa kushoto na kulia, bapa lake likitazama mbele. Ukiiweka mbele–nyuma, kila ukikanyaga mafuta maji yanahama na utaandika kasi ya kuongeza mwendo ukidhani ni presha. Simu irekodi, dereva aangalie barabara.

Matundu yawe ya mm 1.5 hadi 2, yaliyosawazishwa na uso wa sakafu. Ukingo wa tundu ukibaki na ncha hata ya nusu milimita usomaji unaharibika. Mirija ya dripu ya hospitali inafaa. Weka matundu sita kwenye mstari wa katikati: moja chini ya splita (ubao bapa unaotokeza mbele chini ya bampa), moja katikati ya sakafu, moja mm 50 kabla ya koo, moja mm 50 baada ya koo, moja katikati ya difyuza, moja mm 50 kabla ya mdomo. Kisha rudia mstari huo sm 35 kutoka katikati, maana difyuza inaweza kuwa nzima katikati na mfu pembeni.

Unachotafuta: presha ishuke hatua kwa hatua kuelekea koo, iwe chini kabisa hapo, kisha ipande kuelekea mdomoni. Mdomo usitarajie uwe sawa kabisa na nje, huwa chini kidogo. Kama tundu la katikati ya difyuza na la mdomoni yanasoma karibu sawa, na koo limepoteza mvuto, hewa imebanduka. Punguza digrii. Kama koo lina mvuto mdogo lakini difyuza inapanda vizuri, difyuza haina kosa. Hewa inavuja pembeni au haifiki kutoka mbele.

Uzi unathibitisha. Vipande vya uzi wa sufi vya mm 80, vimebandikwa kwa tepu mm 20 za mbele, kila mm 100, na kamera ndogo kwenye mkono nje ya mdomo ikitazama ndani. Uzi ulionyooka kwenda nyuma ni hewa iliyoshika. Unaozunguka au kuelekea mbele ni iliyobanduka. Uzi wa karibu na kuta ukiinama kando usiogope, hicho ni kisulisuli cha kawaida na ni rafiki yako. Ukitaka ramani nzima, paka sakafu rangi nyeusi, changanya unga wa chokaa na parafini na matone machache ya oili, paka, kimbiza gari kwa mwendo mmoja mpaka ukauke, kisha lala chini utazame michirizi.

Usipimie kwenye barabara kuu ya kwenda Kilifi. Matatu na bodaboda hawajui kwamba unafanya utafiti, na lori moja likikupita linavuruga hewa kwa mita mia. Tafuta kiwanja cha ndege cha mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe. Nenda alfajiri wakati wa umande. Kusi ikishaamka imekwisha. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukikukabili kwenye 100 km/h unaongeza presha kwa asilimia 39, ukikufuata unaipunguza kwa asilimia 33. Kimbia pande zote mbili, chukua wastani, na upepo ukizidi mita 3 kwa sekunde rudi nyumbani.

Satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka majini hapa Ngomeni mwaka 1970. Bati la mita moja halitatushinda.

HewaNaLami

Nakubaliana na yote hayo. Naongeza jambo moja ambalo starlet_malindi hajaliuliza na litamuuma: mizani.

Tuseme umepata zile niutoni 370, na kwa kuwa koo lako liko nyuma, zinaangukia mita 1.8 nyuma ya ekseli ya mbele. Gawanya 1.8 kwa 2.3: asilimia 78 inakwenda nyuma, yaani niutoni 290, na mbele 80. Starlet ina uzito wake mwingi mbele, na tairi za mbele ndizo zinazovuta na kugeuza. Kwenye kona ya 120 nyuma itashika kama gundi na mbele itakwenda moja kwa moja kwenye nyasi. Utasema difyuza imeharibu gari. Kilichokosekana ni splita. Iweke ya plaiwudi ya mm 9 hadi 12, itokeze mm 60 hadi 80 mbele ya bampa, mm 70 juu ya lami, na nyuma yake iungane na sakafu bila ngazi. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo. Ukiwa na nafasi, anzisha koo mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kila sm 10 za kusogeza koo mbele zinasogeza mzigo mbele.

Mwinamo wa gari: kwa sasa nyuma imepanda mm 10 tu kuliko mbele. Mwinamo wa digrii moja kwenye urefu wako ni mm 40. Huuhitaji wote. Mm 20 unatosha kuifanya sakafu nzima iwe difyuza nyepesi. Lakini kila mm unazonyanyua nyuma zinaongeza pia pembe ya difyuza dhidi ya lami, kwa hiyo pima pembe kutoka kwenye lami, si kutoka kwenye chesisi.

Na springi. Kama za nyuma ni niutoni 25 kwa mm kila moja, niutoni 300 zinashusha nyuma mm 6. Si mbaya. Ukifika 600 ni mm 12, na hapo mwinamo umeanza kubadilika katikati ya kona. Sakafu ikikaribia lami mvuto unaongezeka, unaivuta chini zaidi, halafu ghafla hewa inasongwa na mvuto unakatika, gari linaruka, mvuto unarudi. Magari ya Formula 1 yalifanya hivyo mwaka 2022 sakafu za mahandaki zilipoanza upya, na timu kadhaa zilihangaika kwa muda mrefu. Gari lako halitafika huko kwa kilo 38, lakini usishushe koo chini ya mm 80 kwa tamaa.

starlet_malindi

Swali la mwisho. Nikifunga zip tai kwenye ufito wa shokamzoba, si itanionyesha gari limeshuka kiasi gani?

MrijaWaMaji

Itakuonyesha shimo kubwa kuliko yote ulilopita. Zip tai inabaki pale iliposukumwa mara moja, haijui wastani. Kama huna sensa ya urefu, bandika rula ubavuni mwa bampa na mstari mweupe kwenye fenda, rekodi kwa simu kutoka gari la pembeni kwenye lami laini, 60 kisha 120, na ulinganishe picha kumi za kila kasi. Tofauti ya mm 3 utaiona. Chini ya hapo ni ukungu wa kamera. Presha ya tairi iwe sawa, na tangi liwe na mafuta kiasi kile kile, kwa sababu lita 20 za petroli ni kilo 15 na zinakaa karibu na pale pale unapopima.

FaibaShela

Usitoe faiba kwenye kalibu siku hiyo hiyo. Ipe usiku mzima. Ikiwa mbichi itajikunja, na zile digrii 9 zako zitakuwa 9 upande mmoja na 7 upande wa pili.